Saratani ya tezi dume: namna ya kusoma majibu yako na kuchagua tiba bila papara

Mtaani tukisema "mzee yule ana tezi dume", tunamaanisha mkojo unamsumbua. Lakini kila mwanaume ana tezi dume, amezaliwa nayo. Ni kiungo kidogo, ukubwa wa ndimu changa, kinachokaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija unaotoa mkojo nje. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Kenya wengine huiita tezi kibofu. Kuwa nayo si ugonjwa, kama vile kuwa na ini si ugonjwa.

Nalikazania neno hili kwa sababu ndilo lililompotezea baba yangu mdogo miezi minane. Alikuwa na miaka 67, dereva wa lori mstaafu, usiku anaamka mara nne tano kwenda chooni. Akaenda duka la dawa, akaambiwa "hiyo ni tezi dume tu, mzee", akapewa vidonge vya kulegeza njia ya mkojo. Akaongezea chupa za mitishamba alizosikia zikitangazwa redioni. Mkojo ukapata nafuu kidogo, naye akatulia. Hakuna aliyemwambia kwamba jina hilo moja limebeba magonjwa matatu: kutanuka kwa tezi kunakoletwa na umri, ambako si saratani na hakugeuki kuwa saratani, maambukizi ya tezi, ambayo hutibiwa kwa antibiotiki, na saratani yenyewe. Tena mtu mmoja anaweza kuwa na kutanuka na saratani kwa wakati mmoja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwake.

Tangu alipoanza kupimwa hospitali nimemsindikiza kila alipokwenda, na haya ninayoandika ndiyo niliyotamani mtu anieleze mapema. Kubwa kuliko yote ni hili: usikubali tiba yoyote kabla hujawa na majibu matatu mkononi, yaani PSA yako (kipimo cha damu), alama ya Gleason (ukali wa saratani), na hatua ugonjwa ulipofikia. Na isipokuwa kwa dharura chache nitakazozitaja, muda wa kuyatafuta majibu hayo upo. Saratani nyingi za tezi dume hukua polepole. Wiki nne au sita za kupima vizuri haziharibu kitu. Uamuzi wa siku moja unaweza kuharibu.

Hatua ya 1: Nunua daftari na bahasha

Kabla ya yote, tafuta daftari na bahasha kubwa ya kaki. Kila karatasi ya majibu omba nakala, uiweke humo. Kila PSA andika tarehe, namba, na maabara iliyopima. Daktari atakayekuona leo huenda si yule wa mwezi ujao, na faili hupotea. Majibu ya kinyama cha baba mdogo, yaani vipande vya tezi vinavyochukuliwa kupimwa, yalikaa kabatini kwenye hospitali moja wiki saba, sisi tukisubiri kupigiwa simu na wao wakisubiri tuje. Kwa hiyo siku ya kipimo uliza: majibu yanatoka lini, nayafuata dirisha gani, na namba ya sampuli ni ipi. Iandike namba hiyo.

Hatua ya 2: Jua kama unapaswa kupima, hata kama huumwi

Kutanuka kwa kawaida huanzia katikati ya tezi, pale mrija unapopita, ndiyo maana hubana mkojo mapema. Saratani mara nyingi huanzia upande wa nje wa tezi, mbali na mrija. Kwa hiyo inaweza kukua miaka bila kugusa mkojo hata kidogo. Anayesubiri dalili za mkojo ndipo apime saratani anaweza kuwa amechelewa, na mwenye dalili za mkojo mara nyingi hana saratani bali kutanuka. Vyote viwili ni kweli.

Dalili zinazotia wasiwasi zaidi ni damu kwenye mkojo au mbegu, maumivu ya mgongo au nyonga yasiyoisha hata usiku ukiwa umelala, na kupungua uzito bila sababu.

Wanaume wenye asili ya Afrika wana hatari kubwa zaidi ya kuupata ugonjwa huu, kuupata wakiwa vijana kidogo, na kuupata ule mkali. Umri wa 50 unaotajwa sana kwingine duniani, kwetu ni busara kuushusha hadi 45, na hadi 40 kama baba au ndugu wa kiume amewahi kuugua. Uliza pia upande wa mama. Saratani ya matiti au ya ovari ikijirudia katika ukoo inaweza kuwa ishara ya hitilafu ya kurithi, hasa kwenye jeni iitwayo BRCA2, ambayo wanaume nao huirithi na kuugua tezi dume kali.

Hatua ya 3: Pima PSA kwa utaratibu

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume. Kiasi kidogo huvuja kwenye damu na hupimwa kwa nanogramu katika mililita moja. Watu wengi wameshika kwamba chini ya 4 ni salama na juu ya 4 ni saratani. Sivyo. Tezi kubwa isiyo na saratani inaweza kutoa 7, na saratani inaweza kujificha kwenye 3. Namba hii inakuambia kuna jambo la kuchunguza, haikuambii ni jambo gani.

Tena hupandishwa na mambo mengi: maambukizi ya mkojo, kuwekewa mpira wa mkojo, kutoa mbegu, hata safari ndefu ya baiskeli. Kwa hiyo jizuie na tendo la ndoa na baiskeli kwa siku mbili kabla ya kutoa damu. Kama una maambukizi, tibiwa kwanza, kisha usubiri wiki sita hadi nane. Na kama unameza finasteride au dutasteride ili kupunguza tezi, mwambie daktari, maana baada ya miezi sita hivi dawa hizo hushusha PSA karibu nusu, na 3 yako kwa kweli ni kama 6. Duka la dawa lililompa baba mdogo vidonge halikumwandikia jina la dawa popote. Tulilazimika kurudi na ganda la vidonge lililokuwa limebaki mfukoni mwa koti lake.

PSA ikiwa imepanda kidogo tu, irudie baada ya wiki chache kabla ya kwenda mbele. Nyingine hushuka zenyewe.

Hatua ya 4: Kipimo cha kidole

Wanaume wengi hukimbia wakifika hapa, na nawaelewa. Baba mdogo alitoka foleni mara mbili. Nilichomwambia ni hiki: unalala kwa ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja, daktari amevaa glavu yenye mafuta, na haifiki dakika moja. Kipimo hiki hakiathiri uanaume wako kwa namna yoyote.

Anachotafuta daktari unaweza kukigusa mwenyewe sasa hivi. Kunja ngumi, ubonyeze ile nyama iliyo chini ya kidole gumba. Inabonyea na kurudi, na hivyo ndivyo tezi yenye afya inavyokuwa. Sasa bonyeza fundo la kidole. Ugumu huo, hasa ukiwa upande mmoja, ndio unaomfanya daktari aagize kipimo kinachofuata hata kama PSA iko chini.

Hatua ya 5: MRI ikipatikana, kisha kinyama

Panapopatikana MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, na pesa au bima inaruhusu, ni vizuri ifanyike kabla ya kinyama. Picha hizo hupewa alama ya 1 hadi 5. Alama ya 1 na 2 maana yake uwezekano wa saratani ya hatari ni mdogo, 4 na 5 ni mkubwa, na 3 iko katikati. Humsaidia daktari ajue achome wapi. Kama huna uwezo wa MRI, usikate tamaa ukaacha kila kitu. Kinyama kinaweza kuchukuliwa kwa kuongozwa na ultrasaundi peke yake, na wengi wetu ndivyo tulivyopimwa.

Kukatwa kinyama si kupasuliwa. Kifaa cha ultrasaundi huingizwa njia ya haja kubwa, unapigwa ganzi, kisha sindano ya kufyatuka huchukua vipande vyembamba kama uzi, kwa kawaida 10 hadi 12, kutoka sehemu mbalimbali za tezi. Kila mfyatuko unasikika "tak!". Sindano inaweza kupita kwenye ukuta wa utumbo au kwenye ngozi kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Njia hii ya pili ina hatari ndogo ya maambukizi, uliza kama wanaifanya.

Kabla yake, taja dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda kama warfarini na aspirini, na useme kama una kisukari. Utapewa antibiotiki. Damu kidogo kwenye mkojo na choo kwa siku chache ni kawaida, na mbegu zinaweza kuwa na rangi ya kutu kwa wiki kadhaa. Ila homa au kutetemeka baada ya kinyama si jambo la kusubiri asubuhi. Nenda hospitali usiku huohuo, na useme umetoka kukatwa kinyama cha tezi dume.

Nimewahi kusikia mara nyingi kwamba kinyama "huamsha" saratani ikasambaa. Haina ukweli. Wanaoonekana kuzidiwa baada ya kinyama mara nyingi ni wale waliofika ugonjwa ukiwa tayari umesambaa.

Hatua ya 6: Soma karatasi ya mpatholojia

Hapa ndipo penye ufunguo wa kila kitu, na ndipo watu wengi huambiwa tu "mzee una kansa". Usitoke chumbani na neno hilo peke yake. Mwombe daktari akuoneshe kwenye karatasi palipoandikwa Gleason.

Mpatholojia ni daktari anayechunguza vinyama maabara. Donald Gleason alikuwa mpatholojia wa Marekani, naye katika miaka ya 1960 alibuni njia ya kuipima saratani hii kwa kuangalia umbo la chembe chini ya hadubini, jinsi zilivyopangika au kuvurugika. Siku hizi mpangilio wa 3 ndio mpole kuliko yote inayohesabiwa kuwa saratani kwenye kinyama, na wa 5 ndio uliovurugika kabisa. Mpatholojia huandika namba mbili: ya kwanza ni ya mpangilio uliotawala, ya pili ni ya mpangilio mwingine uliomo, kisha jumla. Kwa hiyo jumla huwa kati ya 6 na 10.

Gleason 6, yaani 3+3, ni saratani pole. Ni mara chache sana kusambaa.

Gleason 7 iko namna mbili, na tofauti yake ni kubwa. 3+4 maana yake upole umetawala. 4+3 maana yake ukali umetawala. Mtu akikuambia "ni saba", muulize saba ipi.

Gleason 8, 9 na 10 ni saratani kali.

Ripoti nyingi za sasa huongeza daraja la 1 hadi 5: 6 ni daraja la 1, 3+4 la 2, 4+3 la 3, 8 la 4, na 9 au 10 la 5. Angalia pia vipande vingapi kati ya vilivyochukuliwa vina saratani, na kwa asilimia ngapi. Kipande kimoja kati ya 12 chenye asilimia 5 si sawa na vipande 10 vilivyojaa.

Karatasi ya baba mdogo ilisema 4+4, vipande tisa kati ya 12. PSA yake ilikuwa 64. Nilizinakili namba hizo kwenye daftari kwa mkono uliokuwa ukitetemeka, na bado ukurasa ule nikiufungua naona mwandiko ulivyokwenda upande.

Hatua ya 7: Tafuta hatua ya ugonjwa

Swali hapa ni saratani imefika wapi. Herufi T inaeleza tezi yenyewe: T1 haigusiki kwa kidole, T2 inagusika lakini iko ndani ya tezi, T3 imetoboa ganda lake, T4 imeingia viungo jirani. N inaeleza matezi ya limfu ya karibu, na M inaeleza kama imesafiri mbali. Mifupa ndiyo mahali inapopenda kwenda: uti wa mgongo, nyonga, mbavu.

Si kila mtu anahitaji vipimo vyote. Mwenye PSA chini ya 10, Gleason 6, na tezi isiyo na uvimbe mkubwa yuko kundi la hatari ndogo, na skani ya mifupa kwake ni gharama isiyo na faida. PSA kati ya 10 na 20 au Gleason 7 ni kundi la kati. PSA zaidi ya 20, au Gleason 8 kwenda juu, au T3, ni kundi la hatari kubwa. Hawa wanahitaji picha za CT za tumbo na nyonga pamoja na skani ya mifupa. Ipo pia skani iitwayo PET ya PSMA, inayoona vituo vidogo vya saratani kuliko skani za kawaida. Ni nzuri, lakini haipatikani kila mahali na ni ghali, na kuikosa si sababu ya kuahirisha tiba.

Hatua ya 8: Kama iko ndani ya tezi, una njia zaidi ya moja

Utafiti mkubwa wa Uingereza uliwafuatilia wanaume 1,643 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakafuatiliwa tu, wengine wakapasuliwa, wengine wakapigwa mionzi. Baada ya miaka 15, matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionesha kwamba karibu 3 tu kati ya 100 ndio waliokufa kwa saratani hiyo, na makundi yote matatu yalikaribiana sana. Waliofuatiliwa tu walipata kusambaa kwa ugonjwa mara nyingi zaidi, lakini wengi wao waliepushwa na madhara ya tiba kwa miaka mingi. Nazichukua namba hizi kwa uangalifu, maana karibu wote walikuwa wazungu, na wengi wao walikuwa na ugonjwa mpole. Kwa mwafrika mwenye Gleason 8 hazitoshi kumfanya akae nyumbani. Kwa mwenye Gleason 6 zinatosha kumfanya asikubali kupasuliwa wiki hii.

*Ufuatiliaji wa karibu* ni PSA kila miezi mitatu hadi sita, kidole mara moja kwa mwaka, na kurudia MRI au kinyama baada ya muda. Ugonjwa ukibadilika, unatibiwa kwa nia ya kuponya. Unafaa Gleason 6, na baadhi ya 3+4. Sharti lake ni kwamba unaweza kweli kurudi kliniki. Kama unaishi siku mbili za safari kutoka hospitali na nauli ni tatizo, liseme hilo wazi kabla ya kuchagua.

*Upasuaji* huondoa tezi yote na vifuko vya mbegu. Si sawa na ule wa kukwangua tezi iliyotanuka ili mkojo upite. Huo haumtibu mtu saratani, na nimekutana na wazee wawili waliodhani "walishatolewa tezi" kumbe walikwanguliwa tu. Utakaa na mpira wa mkojo wiki moja hadi mbili. Ukitolewa, mkojo utavuja kwa muda, ukikohoa, ukicheka, ukinyanyuka. Wengi hurudi hali nzuri ndani ya mwaka, wachache hubaki na tatizo. Mazoezi ya misuli ya nyonga husaidia, tena yaanze kabla ya upasuaji: kaza kana kwamba unazuia ushuzi, shikilia ukihesabu hadi tano, legeza, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku.

*Mionzi* hutolewa siku tano kwa wiki. Ratiba ya zamani ni wiki saba hadi nane, ya sasa mara nyingi ni vikao 20 kwa wiki nne. Huumi wakati wa kupigwa. Madhara yake huja taratibu: mkojo unaochoma, kuharisha, baadaye pengine damu kwenye choo. Kundi la kati mara nyingi huongezewa dawa za homoni, yaani za kushusha homoni ya kiume, kwa miezi kama sita, na kundi la hatari kubwa kwa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu. Kwetu gharama iliyojificha ni malazi. Mionzi iko kwenye miji michache, katika hospitali kama Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza, Kenyatta jijini Nairobi, Taasisi ya Saratani ya Uganda jijini Kampala, hospitali ya kijeshi ya Kanombe jijini Kigali. Wiki nne mjini ni kodi, chakula na nauli. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuanza, kwa sababu kukatisha mionzi katikati ni kubaya.

Upasuaji na mionzi vyote vinaweza kudhoofisha nguvu za kiume: upasuaji mara moja kisha hurejea polepole kwa baadhi, mionzi hushusha kidogokidogo kwa miaka. Uliza mapema kama neva za pembeni zinaweza kuhifadhiwa, na mwende na mkeo kwenye mazungumzo haya. Sildenafil husaidia wengi, lakini usiinunue kiholela. Ukiwa unatumia dawa za moyo za nitrati inaweza kukuua.

Nelson Mandela aligunduliwa ugonjwa huu mwaka 2001 akiwa na miaka 83, akatibiwa kwa mionzi, akaishi hadi 2013. Askofu Mkuu Desmond Tutu aligunduliwa 1997, ukamrudia mara kadhaa, akaishi hadi Desemba 2021. Nilimsimulia baba mdogo habari hizo kwenye basi, akaniuliza hospitali zao na zetu ni sawa? Nikamjibu si sawa. Lakini ugonjwa ni uleule, na dawa kuu nyingi zipo.

Hatua ya 9: Kama imesambaa, kukata homoni ndiko msingi

Saratani hii hulishwa na testosteroni, homoni ya kiume inayotengenezwa zaidi kwenye korodani. Charles Huggins alilionesha hilo mwaka 1941 huko Chicago, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Kuikata homoni hiyo hakuponyi saratani iliyosambaa, lakini huirudisha nyuma, mara nyingi kwa miaka. Maumivu ya mifupa yanaweza kupungua ndani ya siku au wiki.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni sindano kama goserelin, kila mwezi au kila miezi mitatu, maisha yote. Sindano za kundi hili hupandisha homoni kwa muda kabla ya kuishusha, hivyo ni lazima upewe vidonge vya kinga kama bicalutamide mwanzoni, hasa kama saratani iko kwenye uti wa mgongo. Ya pili ni kuondoa korodani, upasuaji mdogo wa mara moja, ambao unashusha homoni ndani ya saa chache.

Baba mdogo skani yake ilionesha mifupa ya nyonga na pingili mbili. Usiku wa kuamkia siku ya kumjibu daktari tulikaa nje ya nyumba ya wageni, tukapiga hesabu kwenye daftari: bei ya sindano, nauli ya kuja na kurudi, mara nne kwa mwaka, na siku ambazo dawa haitakuwepo. Nilikuwa naogopa kulitaja la pili. Alilitaja mwenyewe. "Nina watoto sita na wajukuu kumi na mmoja," aliniambia, "hivyo vimeshafanya kazi yake." Mama mdogo tulimpigia simu palepale, naye akakaa kimya kidogo, kisha akasema fanyeni. Si kila mzee atachagua hivyo, na hakuna anayepaswa kusukumwa. Daktari mzuri atakueleza zote mbili, na kwamba kuna upasuaji unaotoa nyama ya ndani na kuacha mfuko usionekane mtupu.

Uliza pia kuhusu kuongeza dawa ya pili tangu mwanzo. Siku hizi homoni peke yake si tiba bora kwa mwenye nguvu. Kuongeza abiraterone pamoja na prednisolone, au enzalutamide, au dripu za docetaxel kila wiki tatu kwa mizunguko sita, hurefusha maisha. Abiraterone imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2019, na toleo lake la bei nafuu lipo. Muulize mfamasia wa hospitali pamoja na bima yako.

Kukosa testosteroni kuna bei yake: joto la ghafla linalolowesha shuka, misuli kupungua, tumbo kuongezeka, mifupa kudhoofika, sukari kupanda, hamu ya tendo la ndoa kutoweka, na huzuni ambayo wazee hawaitaji kwa jina. Baba mdogo analala na taulo bichi kando ya mto. Kinachomsaidia zaidi ni kutembea kila asubuhi na kunyanyua vidumu viwili vya maji, dakika 30, kwa sababu misuli isiyotumika huyeyuka haraka. Sukari na presha zipimwe. Dawa za kuimarisha mifupa zikipendekezwa, meno yaonwe kwanza, maana zinaweza kuharibu taya baada ya kung'oa jino.

Mitishamba sitamkataza mtu kwa ukali, ila mwambie daktari unachokunywa. Baadhi hugombana na dawa, nyingine huumiza ini, na hatari kubwa kuliko zote ni muda unaopotea.

Na maumivu yatibiwe. Mofini ya kunywa hutolewa katika huduma za tiba shufaa, yaani za kupunguza mateso ya mgonjwa, haimaanishi mtu anakufa kesho, na mwenye maumivu ya saratani akiitumia kwa maelekezo ni nadra kuwa mraibu. Iambatane na dawa ya kulainisha choo.

Hatua ya 10: Dharura zisizosubiri

Miguu ikianza kukosa nguvu au kufa ganzi, hasa pamoja na maumivu ya mgongo, au ukashindwa kuzuia mkojo na choo, nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo. Uvimbe unaweza kuwa unakandamiza uti wa mgongo, na saa chache ndizo zinazoamua kama mtu atatembea tena. Wengi hukandwa kwa maji moto wiki nzima wakidhani ni baridi ya mgongo. Mkojo ukiziba kabisa nako ni dharura, nenda ukawekewe mpira.

Hatua ya 11: Baada ya tiba

Baada ya kuondolewa tezi, PSA inapaswa kushuka hadi karibu sifuri ndani ya wiki sita hadi nane, na ikifika 0.2 na kuendelea kupanda daktari atafikiria kurudi kwa ugonjwa. Baada ya mionzi hushuka polepole, hata kwa mwaka na zaidi. Kinachotazamwa ni kama imepanda kwa 2 au zaidi juu ya kiwango chake cha chini kabisa. Kwa aliye kwenye homoni, PSA inayopanda wakati testosteroni iko chini maana yake saratani imejifunza kuishi bila chakula chake. Hapo dawa hubadilishwa, si mwisho wa tiba. Pima maabara ileile kila inapowezekana, kwa sababu mashine hutofautiana.

Ya baba mdogo ilitoka 64 hadi 5.1 baada ya miezi mitatu, kisha 0.8. Tarehe yake ijayo imeandikwa ndani ya jalada.

Kisha waite watoto wa kiume na ndugu zako wa kiume. Hili baba mdogo alilifanya mwenyewe, Ijumaa baada ya swala, barazani. Alitusimamisha sita, akatusomea namba zake kutoka kwenye daftari, akamtaka kila aliyefika miaka 40 akapime na alete karatasi. Ukurasa wa nyuma wa daftari lile sasa una majina yetu, na mbele ya jina langu imeandikwa 1.1, na mwaka.